Mama Saluni: Aliyeuliza Kabla ya Kukata

Mama yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, mtoto wa pili wa fundi seremala na mkewe mkunga. Alisoma shule ya wasichana iliyokuwa nyuma ya kituo cha reli. Huko alianza kuwasuka wenzake wakati wa mapumziko, hadi siku moja mwalimu mkuu akamwita ofisini. Darasa zima lilimwonea huruma. Kumbe mwalimu mkuu naye alitaka kusukwa.

Mwaka 1965 alifungua saluni yenye kiti kimoja karibu na soko, akaiendesha hadi 2009, alipomwachia binti yake mdogo. Mji mzima ulimwita Mama Saluni. Alikuwa na utaratibu wake: hakumkata mteja nywele kabla ya kumuuliza mara tatu, alipoketi, alipokwisha kuoshwa, na mkasi ukiwa tayari mkononi. "Mtu hubadili mawazo akishalowa," alisema. Wasichana aliowafunza wana saluni zao leo, na wanauliza vivyo hivyo.

Tarehe 18 Desemba 1967 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyemsindikiza dada yake kusukwa akasubiri kutwa nzima bila kunung'unika. Baba alipenda kutania mbele ya wageni: "Mimi nilimposa mara tatu. Alinifanya mteja."

"Na mara zote tatu ulikuja hujachana nywele," Mama alimjibu.

Waliishi pamoja hadi Baba alipofariki mwaka 2011.

Kuanzia 2018 Mama alianza kusahau tarehe, funguo, hata majina ya wajukuu. Kisha pumzi ikawa inamkatika akivuka chumba tu. Hospitalini ilionekana kwamba vali moja ya moyo, ule mlango unaopitisha damu kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa na kubana. Daktari alieleza kwamba ingeweza kuwekwa mpya kwa kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Lakini kwa umri wake hatari ilikuwepo, na kusahau kusingepona.

Mwanawe mkubwa alisita. "Daktari, Mama hajui hata leo ni siku gani. Ataamuaje jambo kubwa hivi? Tumwache apumzike."

"Kusahau siku si kusahau unachotaka," daktari alijibu. "Ila lazima nijue kwamba anaelewa, na kwamba hayumbi."

Binti yake mdogo, aliyefanya naye kazi saluni, akasema, "Basi aulizwe mara tatu, kama alivyouliza yeye."

Aliulizwa asubuhi, saa ambazo kichwa chake kilikuwa kimetulia, siku tatu mbalimbali. Kila mara alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuulizwa, akaelezwa yote upya. Siku ya kwanza alisema, "Nifanyieni. Nataka kutembea." Siku ya pili aliuliza, "Naweza kufia huko?"

"Ndiyo, Mama," daktari alisema.

"Na nikibaki nyumbani?"

"Pumzi itazidi kupungua."

"Basi twende."

Siku ya tatu alimgeukia mwanawe. "Wewe, leo ni siku gani sijui, lakini kukosa pumzi nakujua siku zote. Nirekebishieni moyo. Kichwa mtanisaidia nyinyi."

Vali iliwekwa tarehe 11 Juni 2019. Mwezi uliofuata alitembea mwenyewe hadi saluni, akamkosoa binti yake jinsi alivyoshika kitana. Aliendelea kusahau. Alisahau hata matibabu yenyewe, akawa anawaambia wauguzi wa kliniki, kifua mbele, kwamba moyo wake haujawahi kumsumbua hata siku moja. Aliishi miaka minne zaidi, akacheza harusini kwa mjukuu wake hadi vijana wakaketi wakamwacha uwanjani.

Alifariki kwa nimonia tarehe 3 Oktoba 2023, watoto wake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja na dada yake mdogo. Mwanawe mkubwa ameomba jambo moja liandikwe humu, nalo limeandikwa kama alivyolisema: "Mama aliamua mwenyewe, na aliamua vizuri."

Mungu ampumzishe kwa amani.