Ngasirah, Aliyefundisha Sodoran Katikati ya Matuta

Marehemu Ngasirah alizaliwa hapa kijijini Wonosekar, milimani, tarehe 14 Machi 1948, mtoto pekee wa marehemu Mzee Sarpin na marehemu Mama Tumirah. Baba yake alicheza Sodoran, ngoma yetu ya sikukuu ya Karo: wanaume wawili wawili, uso kwa uso, mikononi mianzi iliyojazwa mbegu, bila kusema neno. Nyumbani hakuwa na mtoto wa kiume wa kufanya naye mazoezi. Akamsimamisha binti yake mbele ya meko.

Shule alisoma Tosari, miaka mitatu tu. Mwaka 1959 mama yake aliugua, naye akarudi kushika jembe. Alilima viazi na kabichi maisha yake yote, kwenye mteremko ambao wengine wangeushuka kwa makalio.

Tarehe 9 Juni 1967 aliolewa na Suwaji. Walijaliwa watoto wawili, Suliasih na Karyadi. Mumewe ni mzito wa maneno. Marehemu alisema ya wote wawili.

Mwaka 1994 wazee wawili wa mwisho waliojua ngoma yote walifariki, hawakupishana hata mwezi. Mkuu wa kijiji akaamua kuvipelekea vijiji jirani habari kwamba Wonosekar haitacheza tena. Marehemu akamfuata.

"Mzee, mimi ngoma naijua."

"Mama Suliasih, mwanamke haingii Sodoran."

"Nani kaomba kuingia? Niletee hao wanaume shambani."

Walikwenda saba, mumewe akiwa nyuma kabisa kwa aibu. Mwezi mzima, wakishamaliza kazi, aliwafundisha katikati ya matuta ya kabichi. Hakumpendelea mtu. "Suwaji, mguu huo wako, au umeazima?"

Siku ya Karo walicheza. Lakini wembamba wa njia za shamba ulikuwa umewaingia miguuni, hatua zikawa fupi. Mtu wa kijiji jirani akapaza sauti: "Hawa wanaogopa kukanyaga kabichi!"

Marehemu alikuwa mlangoni mwa ukumbi wa ngoma na akina mama walioleta chakula. Akajibu: "Zilikuwa zangu! Aliyekanyaga alianza upya!"

Walicheka hata waliotaka kukasirika. Hatua zetu ni fupi mpaka leo, na Wonosekar haijakosa Karo hata moja.

Januari 2017 moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa hospitalini Pasuruan mara mbili. Mwaka huu hakuinuka tena, basi mazoezi yakahamia nyumbani kwake, naye kitandani akisikiliza miguu juu ya sakafu ya mbao.

"Wa tatu kachelewa," alisema, macho ameyafumba. Kweli, alikuwa amechelewa.

Mumewe alimwambia kwamba Karo hii hatacheza, atakaa naye.

"Ukikaa, Baba Suliasih, mwenzako acheze na nani? Na ukuta?"



Alifariki Jumapili tarehe 4 Agosti 2019, saa kumi alasiri, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mumewe Suwaji, watoto wake Suliasih na Karyadi, wajukuu watano, na wanaume kumi na tisa aliowafundisha, ambao wanajua wajibu wao. Karo imekaribia. Familia inaomba asiwepo mtu wa kuahirisha chochote kwa ajili ya msiba huu. Suwaji atasimama mahali pake, uso kwa uso na mwenzake.

Ngasirah, pumzika kwa amani. Tutacheza.