Mfuaji wa Ebenthal Aliyeomba Safu ya Watoto

Sisi watu wa Ebenthal kila mmoja huandika maisha yake kwa mkono wake kabla hajafa, na anayebaki humalizia yale ambayo maiti hawezi kuyaandika. Marehemu Dada Anna Rosina Wenzel aliacha karatasi moja, tena iliyoandikwa upande mmoja. Upande wa pili kuna orodha ya mashuka ya Nyumba ya Wanawali. Mzee wetu, Ndugu Traugott, aliniomba nisome kilichoandikwa, kisha nikae. Nitasoma, Ndugu Traugott. Lakini karatasi ni fupi, na mwenyewe aliishi miaka hamsini na minane. Penye pengo nitajaza mimi, Maria Salome, binti yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1726 katika kijiji cha Altwies, nchi ya Moravia, akiwa mtoto wa nne wa Georg Haberland, mfumaji wa kitani, na mkewe Judith. Siku hizo kusoma Biblia nyumbani kwako kulikuwa kosa la kutiwa kifungoni. Mwaka 1733 baba yake alifungwa miezi mitano, na alipoachiwa hakungoja mara ya pili. Aliacha nyumba, mtambo wa kufumia na ng'ombe wawili, akavuka mpaka kwa miguu kuingia Saksonia pamoja na mke na watoto. Bibi mzaa baba miguu ilikuwa imekwisha, hakuweza safari. Marehemu ameandika hivi: "Bibi tulimwacha kizingitini. Hakulia. Alituambia tufunge lango, kuku wasitoke." Juu ya Bibi hakuandika zaidi ya hapo, na mimi jina lake silijui.

Huko Saksonia alisoma katika shule ya akina dada tangu mwaka 1734 hadi 1740. Alijifunza kusoma, kuandika, kuimba sauti ya pili, na kufua kitani kwa maji ya majivu bila kukiunguza. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Alipotimiza miaka kumi na minne alihamia kwa wanawali, kama sote tulivyohamia zamu yetu ilipofika.

Mwezi Februari 1749 aliitwa kuja Amerika. Nasema aliitwa kwa sababu kwetu mtu hachagui. Bakuli la kura ndilo linalochagua, nasi hulipokea kama jibu la Mungu. Ndani yake mna vikaratasi vitatu: kimoja kimeandikwa Ndiyo, kimoja Hapana, na cha tatu ni cheupe, maana yake ngojeni. Kwake ilitoka Ndiyo. Merikebuni watu mia moja na kumi walipangwa kwa makundi: wanawali upande huu, wavulana upande ule, wake hapa, waume kule, watoto peke yao, ili watu wa lugha tisa wasigombanie mkate kila mtu na ukoo wake. Walishuka New York tarehe 12 Mei. Na walipofika hapa Pennsylvania, mahali palipokuwa na miti tu na mto, waliujenga mji vilevile walivyokuwa wamelala merikebuni. Miaka thelathini na mitano imepita, na bado tumepangwa hivyo. Hata makaburi haya mnayoyaona yamepangwa hivyo.

Tarehe 15 Julai 1749 aliolewa na Ndugu Mathes Wenzel, seremala kutoka Silesia, siku moja na wenzao jozi kumi na sita. Kura ndiyo iliyowaunganisha. Kabla ya hapo walikuwa hawajasemezana. Marehemu alipenda kusimulia maneno yao ya kwanza.

"Dada Rosina, bora nikwambie mapema," Mathes alisema. "Mimi nakoroma."

"Na mimi nikilala ni fofofo, hata nyumba iungue," akamjibu. "Tutaelewana."

Onyo lile halikuwa na kazi, maana wake walilala nyumba yao na waume nyumba yao, na kila jozi ilipewa saa moja kwa wiki katika chumba kidogo juu ya ghala. Saa yao ilikuwa Jumatano alasiri. Marehemu alikuwa akisema kwamba katika miaka kumi na mitatu ya kwanza ya ndoa alimsikia Mathes akikoroma mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kanisani.

Mtoto wao wa kwanza, Johannes, alizaliwa tarehe 2 Agosti 1751. Alipotimiza mwaka mmoja na nusu alipelekwa Nyumba ya Watoto, kama watoto wote. Vijana wa leo huniuliza mama gani alikubali jambo hilo. Ninyi mliozaliwa hapa mna bibi zenu. Wale waliovuka bahari hawakuwa na bibi hata mmoja. Bibi wote walibaki vizingitini. Msitu ulihitaji kufyekwa, ng'ombe kukamuliwa, nguo za watu mia mbili kufuliwa, na hapakuwa na mgongo wa nyanya wa kumbeba mtoto. Basi wakaijenga nyumba ile iwe bibi wa wote. Nililelewa humo. Sikuwahi kukosa chakula wala kupigwa. Lakini nyumba haina mapaja.

Kuhusu Johannes, karatasi ya marehemu ina mstari mmoja: "Mwana wetu alitutangulia tarehe 11 Februari 1754." Hapo ndipo palipo na pengo kubwa, na habari yake nilipewa na Dada Kornelia, aliyefua naye miaka ishirini na tisa. Kornelia alizaliwa kisiwa cha Mtakatifu Thomas, mtumwa mwana wa mtumwa, akaletwa Ebenthal bila kuulizwa kama anataka kuja. Mwanawe wa pekee alibaki kule kisiwani.

Mnajua kwamba mtu akifa, tarumbeta hupigwa juu ya paa, na kila kundi lina wimbo wake: wa wake, wa waume, wa wajane, wa watoto. Wimbo hukwambia ni kundi gani. Haukwambii ni nani. Jumatatu ile asubuhi walikuwa kwenye banda la kufulia, wawili hao, wanakamua blanketi moja, huyu ameshika ncha hii na huyu ile. Tarumbeta zikalia.

"Wa watoto huo," alisema Kornelia.

"Maskini mwenzangu, yeyote aliye," alisema marehemu. "Wangu jana nilipokwenda kumwona alinirushia kijiko. Kimenipata hapa, tazama, pana alama."

"Nenda ukaangalie, Rosina."

"Mama wote tukikimbia kila wimbo ukipigwa, nani atafua? Kamua upande wako, mama wewe, maji yananiingia viatuni."

Wakakamua. Kornelia aliniambia kwamba marehemu aliimba hata, akiufuatisha wimbo ule ule wa tarumbeta kwa sauti ya pili, kwa kumwombea huyo mama mwingine. Walifua mpaka kengele ya saa sita. Mezani ndipo dada wa Nyumba ya Watoto alipokuja kumgusa bega. Koo la Johannes lilikuwa limevimba alfajiri na kumziba pumzi.

Hakuna aliyekuwa amemkataza kwenda. Kila mara nilipomtafutia mtu wa kumlaumu, marehemu alinirudisha hapo hapo. "Ni mimi niliyesema kamua upande wako," alikuwa akisema. Alimwambia Kornelia kwamba yeye mwenyewe hana haki ya kulia, na Kornelia akamjibu, "Lia, dada yangu. Wewe wako unajua alikufa saa ngapi. Mimi wangu hata sijui kama wimbo wake umeshapigwa."

Johannes alizikwa kule, safu ya watoto, kaburi la tisa. Tangu siku ile, kwa miaka miwili, marehemu aliitumia saa yake ya Jumatano kumpeleka Mathes makaburini. Saa moja ya ndoa kwa wiki, wakaimaliza wamesimama.

Mimi nilizaliwa tarehe 19 Januari 1757, nami nikapelekwa Nyumba ya Watoto. Mwaka 1762 wazee walivunja maisha ya chungu kimoja, kila mume akapewa nyumba akae na mkewe, na watoto tukagawiwa kwa wenyewe. Nilikuwa na miaka mitano. Nilifika na kifurushi changu, nikamkuta mwanamke ana mikono myekundu, anamenya tanipu. Namna tulivyosemezana alinisimulia mwenyewe, na kila mara alicheka.

"Dada, mimi nitalala wapi?"

"Pale, karibu na jiko."

"Dada, wewe ni mama wa watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mbona niko peke yangu?"

Aliposimulia, aliishia hapo, akarudi kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Nilimwita Dada Rosina siku ile, na nilimwita Dada Rosina siku zote, kama nilivyowaita wanawake wote wa mji huu. Hakunikataza wala hakunidai lingine. Mara moja tu, nikiwa na homa, miaka kumi na miwili hivi, alikaa kitandani kwangu na kusema, "Ukitaka kuniita jina jingine, nitaitika." Nilijua anataka nini. Nikajifanya nimelala.

Ndugu Mathes alifariki tarehe 9 Oktoba 1773 kwa kuangukiwa na boriti, akazikwa safu ya waume. Marehemu alibadilisha utepe wa kofia yake kutoka bluu kuwa mweupe, akahamia Nyumba ya Wajane. Aliendelea kufua hadi mwaka 1782, kifua kilipomshinda. Dada Kornelia alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Kornelia naye aliwekwa safu ya wajane, kwa sababu hakuna aliyejua mumewe aliuzwa wapi.

Novemba iliyopita, alipoona hatapona, marehemu aliwaomba wazee jambo moja, na ndilo pekee nililomsikia akiomba katika maisha yake: azikwe safu ya watoto, kando ya Johannes. Nilikuwepo, nimemshika mkono.

"Dada Rosina," alisema Ndugu Traugott, kwa upole, siwezi kumsingizia, "hapa hatuna makaburi ya ukoo. Tuliacha koo zetu ng'ambo ili wote tuwe ukoo mmoja. Nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atataka kuzikwa kwao."

"Ndugu, mimi kwetu ni wapi?" akamuuliza. "Altwies nilitoka na miaka saba. Saksonia nilikuwa mgeni. Hapa nimefua nguo za kila mtu, na nyumba niliyo nayo si yangu. Kwetu ni kipande kile cha udongo. Nilichelewa kwenda mara ya kwanza. Niacheni niende."

Ndugu Traugott aliona neno hilo ni zito kwake, akaenda kwenye bakuli. Kikatoka kikaratasi cheupe. Ngojeni. Marehemu alisema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," kisha akangoja. Februari wakachota tena, kikatoka cheupe tena. Kila nilipoingia chumbani kwake aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikawa nafika mlangoni nikitikisa kichwa kabla hajauliza.

Marehemu alifariki juzi, Jumanne, tarehe 20 Aprili 1784, saa tatu asubuhi, katika Nyumba ya Wajane. Sikuwa naye. Nilikuwa kwenye jiko la Nyumba ya Wanawali, mikono imejaa unga, nakanda mikate ya leo hii mtakayokula mkitoka hapa. Tarumbeta zikalia wimbo wa wajane. Mwenzangu akauliza, "Nani huyo tena?" Nikamwambia, "Ni Dada Benigna. Wiki ya tatu hali hata uji." Nikaendelea kukanda. Nilitia ndani ya tanuri mikate kumi na miwili, nikaifunika, nikanawa, ndipo dada wa Nyumba ya Wajane alipokuja kuniita.

Dada Benigna yuko hapa leo, amekaa mstari wa pili, na uji anakula. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mimi habari ya blanketi nilikuwa naijua. Nilikuwa nimesimuliwa neno kwa neno, nami nimefanya vilevile.

Juzi hiyo hiyo niliwaomba wazee wachote mara ya tatu. Ilitoka Hapana. Ndugu Traugott alilia alipokuja kuniambia, nami nikajisikia nikimfariji.

Kwa hiyo atalala hapa, safu ya wajane, kaburi la ishirini na sita. La ishirini na tano ni la Dada Kornelia. Hilo wazee hawakulipanga, ni zamu tu ya kufa.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Melchior Haberland, huko Saksonia, kama bado yu hai. Barua yake ya mwisho ni ya mwaka 1771. Ameacha mtoto wa Kornelia, popote alipo, ambaye alimwombea kwa jina kila Jumapili. Na ameacha binti mmoja, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili ya kumwita kwa jina alilolitaka.

Apumzike kwa amani hapa alipowekwa. Kutoka hapa hadi kwa Johannes ni hatua arobaini na mbili. Nimezihesabu, mama.