Tundu la Salto del Agua

Nje ya stesheni ya metro ya Salto del Agua kuna benchi, na benchi hilo lina wenyewe watatu. Doña Chayo, mwenye mtungi wa kahawa ya mdalasini na ulimi usio na breki. Kipara, mng'arisha viatu. Na mzee Fidencio, fundi umeme mstaafu, ambaye kila mtu anamwita Kamusi kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Asubuhi hiyo wageni walikuwa wakichomoza ngazini mmoja mmoja, simu mkononi na vidude vya kusikilizia masikioni, wakitembezwa jiji zima na sauti iliyorekodiwa. Kila mmoja alikwenda kwenye ukuta wa mawe wenye tundu, akatia mkono humo, akanong'ona kitu, kisha akashuka tena kupanda treni ya kituo kingine.

— Wa kumi na moja huyo, alisema Kipara. Nawaambieni, humo ndani mna dhahabu ya wafalme wa kale. Wageni wanainusa.

— Mgeni gani? Huyo ni wa Puebla, mji wa jirani tu, namjua mpaka shangazi yake, alisema Doña Chayo.

— Basi na Puebla wananusa. Haba na haba hujaza kibaba!

— Inaingiaje hapo?

— Kibaba cha dhahabu, Doña.

— Ebo! Dhahabu hainong'onezwi. Hiyo ni simu ya wapelelezi. Wanapeleka habari zetu.

— Habari zipi? Kwamba umeongeza maji kwenye kahawa?

— Kwamba wewe hujapiga kiatu brashi tangu saa moja!

Kamusi alikunywa kahawa ikiwa bado inachemka. Miaka miwili nyuma alipita msichana mwenye kinasa sauti, akamuuliza tundu lile ni la nini. Hakujua. Lakini katika jiji hili ukiulizwa njia unaielekeza, hata kama haipo, na yeye alijibu papo hapo: ukitaja humo jina la mtu mliyepotezana naye, atakusikia. Sasa uongo wake ulikuwa masikioni mwa dunia nzima, na wenzake wakijua, jina la Kamusi litageuka kuwa dhihaka.

— Nimegundua! alipiga kelele Kipara. Jiji letu si linadidimia kila mwaka? Ni kwa uzito wa hayo wanayonong'ona. Yanajaa chini!

— Yangejaa chini si yangetuinua, we Kipara?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kamusi, mwambie!

— Ngoja, kahawa ya moto, alisema Kamusi.

Hapo mwanamke mmoja aliondoka pale ukutani, mtu mzima, shali begani. Alivua vidude vyake masikioni, akaja moja kwa moja hadi benchini.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Samahani. Jina nimeshalisema. Jibu linachukua muda gani?

— Jina la nani, mwanangu? aliuliza Doña Chayo.

— La kaka yangu, Eleuterio. Alivuka mpaka kwenda Kaskazini kutafuta kazi, huu mwaka wa kumi na tisa. Sauti imesema wenyeji wanaamini atanisikia. Haikusema atajibu lini.

Kipara alijifanya kupiga brashi kiatu chake. Wote wakamgeukia Kamusi. Mzee aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuchoma masikio.

— Dada, uongo huo ni wangu. Niliulizwa, nikaona haya kunyamaza, nikatunga. Nadhani hapo palipita bomba la maji ya mvua tu.

Brashi ya Kipara ilisimama juu ya kiatu. Doña Chayo alimtazama Kamusi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Kamusi akainamisha kichwa, akingoja matusi.

Mwanamke hakukasirika. Alilitazama tundu, akamtazama mzee.

— Kwa hiyo maneno yale yalitoka kinywani mwako?

— Mwangu, dada.

— Basi hakuna mwingine wa kumuuliza. Nimngoje mpaka lini?

Kamusi aliweka kikombe chini. Akasogea hadi ukingoni mwa benchi, akampisha akae angoje pamoja nao.