Shukrani kwa Utumishi wa Miaka Kumi na Tisa

YAH: SHUKRANI KWA UTUMISHI WA MIAKA KUMI NA TISA

Hicho ndicho kichwa cha barua ambayo Jalada, karani wa masjala, alimpa mkewe asubuhi ya Siku ya Wapendanao. Kufikia saa kumi jioni nakala yake ilikuwa imefika kijiweni, kwenye benchi lililoegemea ukuta wa kinyozi, lile lenye tofali badala ya mguu wa nne, na ilikuwa ikipita mkono kwa mkono kama faili ambalo kila idara inasema si lake. Mama Birika alikuwa ameshamimina kahawa ya duru ya kwanza na hakuna aliyeionja. Siku nyingine wangekuwa wanaisema serikali. Leo walikuwa wanamjadili mke wa mtu, na mtu mwenyewe ameketi katikati yao.

Msomaji alikuwa Wakili. Wakili hakusomea sheria; aliwahi kuitwa shahidi katika kesi ya ukuta wa jirani, na tangu siku hiyo hajaacha kushauri watu.

— "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Unapongezwa kwa kutekeleza majukumu yako kwa uadilifu. Ni matumaini yangu kwamba utaendelea na moyo huohuo. Nakala: Jalada Binafsi." Bwana wee. Hii mtu akipewa anakwenda kufuatilia kiinua mgongo.

Jalada hakukasirika. Aliwaeleza kwamba vijana wa ofisini walikuwa wamemwambia mwanamke anataka kushukuriwa, na yeye shukrani anazozijua ni za maandishi. Amekaa masjala miaka ishirini na sita, amepeleka barua za pongezi kwenye meza za watu wengi, na yake haijafika hata moja. Kwa hiyo hii aliipiga chapa mara mbili ili pambizo zikae sawa. Alimpa mkewe kitu ambacho yeye mwenyewe angekipokea kwa machozi.

— Shemeji akasemaje? akauliza Kinyozi.

— Alisaini.

— Alisaini nini?

— Kitabu cha kupokelea barua. Nilirudi nacho nyumbani jana.

Kinyozi akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Ikabidi Jalada ajitetee. Barua isiyosainiwa haijafika, kila mtu anajua hilo. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshika sindano mdomoni, akaitoa, akasaini, akajaza tarehe na saa. Kisha akafunika cherehani, akavaa viatu, akachukua mkoba mkubwa, akatoka. Simu yake haipatikani tangu saa mbili asubuhi. Na cherehani ile, Jalada akasema kwa sauti ya chini, haijawahi kufunikwa siku ya kazi, hata siku ya msiba.

Mama Birika akamimina duru ya pili bila kuombwa.

— Lakini si kwamba hathaminiwi, akaendelea Jalada. Wateja wake wanampenda. Kila mwaka siku kama ya leo nikirudi nakuta maua juu ya cherehani. Mimi nilitaka tu na mchango wangu uonekane.

Wakili na Kinyozi wakatazamana.

— Mteja gani? akauliza Kinyozi.

— Wateja.

— Wengi, au mmoja?

Jalada hakuwahi kuuliza. Aliambiwa wateja, akafunga suala.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kinyozi alisema yupo mwanamume mmoja, mteja wake wa nywele, ambaye hupeleka suruali kwa shemeji kupunguzwa mara nne kwa mwaka, na hakuna miguu duniani inayofupika kwa kasi hiyo. Wakili akasema haba na haba hujaza kibaba, na kwamba maua ni kama shamba, yakipokelewa miaka kumi na miwili mfululizo bila pingamizi, mtumaji anapata haki. Kinyozi akaona mwenye suruali ni mdogo mno kwa jambo hili. Mtuma maua ni mkubwa wa ofisini kwa Jalada, na ndiyo maana Jalada hajapandishwa cheo. Wakili akampita: si kupandishwa cheo tu, ndoa yenyewe haikuwa yake.

— Wewe, ndugu yangu, ulikuwa unakaimu. Miaka kumi na tisa. Leo mwenye nafasi karudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kibaya ni kwamba Jalada alianza kuamini. Yote yalikuwa na mpangilio, kila karatasi ikiingia mahali pake. Hata kukaimu alikuelewa.

Pikipiki ikasimama mbele yao. Nyuma ya kiti palifungwa maua kwa mpira, yamevikwa nailoni. Mwendeshaji akavua kofia.

— Shikamooni wazee. Namtafuta fundi cherehani wa mlango wa kijani. Nimegonga hadi mkono unauma, na simu yake haipatikani.

Wakili akasimama, akataka jina la mtumaji kwa mujibu wa sheria. Mwendeshaji akasema dukani hawaruhusu. Jalada akajitambulisha kuwa ni mume, na yule kijana akashusha pumzi.

— Afadhali. Basi saini hapa. Kila mwaka huwa anasaini mwenyewe.

Jalada akaipokea karatasi. Aliisoma kama anavyosoma karatasi zote, kuanzia juu. Jina la mtumaji, na namba ya simu. Jina la mpokeaji, na namba ya simu. Akazilinganisha tarakimu moja moja kwa ncha ya kalamu, akarudia. Tarehe ya kuagiza: siku tatu zilizopita. Ujumbe: "Pole na kazi."

— Nani? akauliza Kinyozi. Ni wa suruali?

Jalada akaivuta karatasi karibu na kifua. Alisaini, akaandika tarehe na saa.

— Bado hapa chini, mzee, akasema mwendeshaji. Uhusiano wako na mtumaji.

— Andika adui, akasema Wakili.

Kalamu ikakaa juu ya mstari ule muda mrefu. Jalada, ambaye amewarudishia watu fomu mlangoni kwa kukosa nukta, akairudisha karatasi nafasi ile ikiwa tupu. Mwendeshaji akaitazama, akaikunja, akaondoka.

Wakili akanyoosha kikombe. Mama Birika akainamisha birika, likatoa machicha.

Kilichotokea ni hiki: miaka yote ile mke alikuwa akijinunulia maua mwenyewe, na mwaka huu aliyesaini kuyapokea ni mume. Hadi vikombe vinaoshwa, mke alikuwa hajarudi.