Mzee Shingo na Vipanga wa Oktoba

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kifungua mimba wa fundi seremala. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1964. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti, "Ana akili, ila anaangalia dirishani mno."

Mwaka 1971 aliajiriwa kuendesha pampu za maji ukingoni mwa msitu. Akiwa juu ya tangi aliwaona vipanga wadogo wanaohamia huku kila Oktoba, wakipiga mabawa mara tatu nne kisha wakiambaa juu ya miti. Kuanzia 1973 aliwaandika, kila msimu na daftari lake. Kwa kutazama juu kutwa, wenzake walimwita Shingo. Alipostaafu mwaka 2004 walimwachia ufunguo wa ngazi.

Alimwoa mama yetu, mshonaji, tarehe 7 Agosti 1976. Mama alimzidi kimo kwa kichwa kizima, na Baba alijivunia hilo. Hata hivyo, kwa miaka tisa aliandika kwamba vipanga wale ni wa aina mbili, wakubwa na wadogo. Mwaka 1982 Mama alimpelekea chakula tangini, akashika darubini.

"Baba watoto, hao si mtu na mkewe? Huyo mkubwa ndiye jike."

"Jike atamzidije dume?"

Mama akasimama wima pembeni yake.

Baba alisahihisha madaftari yote tisa kwa kalamu nyekundu, akawaandikia wataalamu wa ndege kukiri kosa. Mama pia ndiye aliyeona kwamba mkia wa wageni hao umenyooka mwishoni kama uliokatwa kwa mkasi, ilhali wa kipanga wa hapa umeviringa. Tangu hapo, asipouona mkia, Baba hakuandika.

Miaka miwili iliyopita figo zilianza kumsumbua. Oktoba hii alishindwa kupanda ngazi, nikapanda mimi, binti yake wa pili. Kila jioni aliuliza, "Wamepita?" Siku moja, ili kumfurahisha, nikasema ndiyo.

"Mkia ukoje?"

Nikainama kukunja blanketi lake. Akacheka. "Basi hujaona, mwanangu. Kesho panda tena."

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, kabla sijampa jibu la kweli. Hilo linaniuma.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na madaftari hamsini na matatu. La mwisho lina mstari mmoja, kwa mwandiko wangu: juzi Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi, kipanga mmoja, jike, mkia umenyooka.

Pumzika kwa amani, Baba. Wameanza kupita, na mkia nimeuona.