Siku Niliyoulizwa Mkojo Unatoka Lini

Wamama wenzangu, hamjambo? Namshukuru Mungu kwamba leo nimefika hapa mbele bila kupitia choo kwanza. Chekeni tu. Mimi pia nacheka, na zamani kucheka kulikuwa hatari.

Ndugu zangu, nawaambia, baada ya mtoto wa tano nilianza kuvuja mkojo. Nikikohoa, unatoka. Nikiinua kikapu cha majani chai, unatoka. Asubuhi shambani sikuogopa, maana umande unatulowesha sote hadi kiunoni. Shida ilikuwa saa sita, jua likiwaka, nyinyi mmekauka na mimi bado.

Hapo nikafanya ujinga. Niliamua chai ndiyo inanimaliza, nikaiacha, halafu nikaacha hata maji. Mtu wa hapa kwetu Kiptere, mkulima wa chai, anakataa kikombe nyumba kwa nyumba! Najua mlisema nimehamia dhehebu lingine. Wengine mlisema naringa. Nikatoka kwaya, nikaacha kuja hapa kwenye ushirika wetu, kwa sababu nikikaa benchi moja na nyinyi nilikuwa najinusa mwenyewe. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kukosa watu wangu.

Na bado nilivuja! Mkojo wenyewe ukawa mzito, unachoma. Nikaenda hospitali.

Dawa ya mchomo nilipewa. Aliyekuwa akinielezea jinsi ya kuimeza ni msichana mmoja, mwanafunzi wa uuguzi. Nikajikaza nikamuuliza, "Daktari, na hii ya kuvuja?"

"Hiyo ni kawaida, mama. Si umezaa watano?"

"Homa pia ni kawaida. Mbona mnaitibu?"

Akaweka kalamu chini. Nikadhani nimemkasirisha. Akasema, "Ukweli, mama, sijui. Hiyo tulisoma nusu ukurasa tu, na haikuja kwa mtihani."

Nilishangaa sana. Miaka yote nilidhani wao wanajua, ni mimi tu naona aibu kuuliza. Kumbe sisi tunanyamaza, na wao hawafundishwi! Akavuta kiti, akaanza maswali. Unatoka lini? Ukicheka, ama ukikimbilia choo? Ni matone ama ni mwingi? Hata mume wangu hakuwahi kuniuliza hivyo. Na mimi nikawa nataka kujua. Kwa nini nikikohoa, na si nikitembea?

"Ngoja, mama. Wacha nikaulize."

Akarudi na mama wa fiziotherapia, wale wanaotibu misuli kwa mazoezi. Huyo alinipima, akatueleza sisi wawili pamoja, mwanafunzi akiandika mbio mbio. Akasema chini huku kuna misuli inayoshikilia kibofu, kama mkanda unaoshika kikapu mgongoni. Kuzaa na kubeba mizigo huilegeza. Unaikaza kama mtu anayezuia hewa chafu kanisani, unahesabu hadi tano, unaachilia. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Na kabla ya kuinua kikapu, kaza kwanza. Maji nikaambiwa ninywe.

Sikuamini, lakini nilifanya. Nilikaza nikichuma chai, nilikaza nikikama ng'ombe. Mwezi wa kwanza, hakuna kitu. Mwezi wa tatu nilikohoa katikati ya shamba, nikasimama kusubiri. Kavu! Nililia hapo hapo, wenzangu wakadhani nimeumwa na nyuki.

Yule msichana aliniomba niende darasani kwao. Nikaenda, mimi wa darasa la saba, nikasimama mbele ya wanafunzi. Waliniuliza maswali mpaka saa ya chakula ikapita.

Nashukuru huyo msichana aliyekubali kusema hajui. Nashukuru mama wa fiziotherapia. Kongoi mising, asanteni sana. Na nawaambia, kuvuja si uzee, si laana. Mwingine shida yake ni tofauti na yangu, kwa hivyo nenda upimwe. Daktari akikuambia ni kawaida, muulize tena.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyejifunga lesso mbili na kukaa karibu na mlango, sitakutaja. Tukishaomba, nitakuwa pale nyuma kwa tanki la maji, peke yangu. Kuja tu.