Marehemu Subiri Kwanza na Mkanda Uliosafishwa

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nasoma historia ya kaka yangu, fundi picha mliyemzoea kwa jina la Subiri Kwanza, jina alilopewa na wateja waliochoka kutabasamu huku yeye anainama, anainuka, anapima mwanga kwa kiganja, akisema subiri kwanza, subiri kwanza, hadi mtoto mchanga anaamka na bwana harusi anaanza kutokwa jasho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1950, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akaanza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1958, na alipomaliza darasa la nane mwaka 1965 hakuendelea, kwa sababu mwalimu wake wa jiografia alimshikisha kamera siku ya picha ya darasa, na tangu hapo kichwa chake hakikukaa tena kwenye vitabu.

Mwaka 1967 aliajiriwa kufagia studio iliyokuwa ng'ambo ya posta, akapandishwa hadi chumba cha giza, na tarehe 3 Machi 1976 akafungua studio yake, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Hata kamera mpya zilipokuja aling'ang'ania za zamani, hasa ile ya lenzi mbili unayoichungulia kwa juu kama unatazama kisimani, akatumia filamu laini kwa mwanga wa asubuhi, filamu kali kwa vyumba vya ndani, na ya rangi kwa shingo upande, maana alisema rangi humpendezesha kila mtu na hazimwonyeshi mtu yeyote.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1978 na mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mhasibu, wa pili dereva wa malori, na binti yetu kitindamimba, mpishi wa shule. Simu za kamera zilipomfungia studio mwaka 2008 alihamishia mikanda yake ya filamu kwenye friji ya nyumbani, isiharibiwe na joto, shemeji akawa akitafuta maziwa anashika filamu, wakagombana, wakacheka, wakazoeana. Ila marehemu hakuwahi kumruhusu mtoto kuingia chumba cha giza, aliogopa mlango ufunguliwe, mwanga uingie, kazi za watu ziungue, hivyo watoto walikua wakimsikia kila siku akisema anakwenda kusafisha picha, bila kuona hata mara moja jinsi zinavyosafishwa kwa dawa, gizani.

Shemeji alipougua mwaka 2021 marehemu alimpiga picha mkanda mmoja mzima wa nyeusi na nyeupe, akiwa kibarazani anashona kifungo, akiwa dirishani, akiwa amelala, na shemeji alipofariki tarehe 2 Oktoba mwaka huo mkanda ulibaki kwenye friji bila kusafishwa, kwa kuwa dawa zilikuwa zimeadimika madukani na mikono ya fundi imeanza kutetemeka. Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa, na kwa ulimi mzito akamwagiza kitindamimba kwamba mkanda wa mama yenu usafishwe. Binti akaenda nyumbani, akauvuta wote kutoka kwenye kikopo chake, jikoni, jua limejaa dirishani, akauosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, taratibu kama anayeosha mtoto, akauanika kwenye kamba, akampelekea baba yake ukiwa umekunjwa kwenye kitambaa safi.

Marehemu aliuinua kuelekea dirishani, nikiwepo, ukawa wa kijivu mwanzo hadi mwisho, uso wa shemeji haumo na hautakuwemo tena. Alilia, binti akadhani ni furaha, mpaka kaka yake mkubwa alipoingia, akauona, na mbele ya wagonjwa wengine akamwambia mdogo wake kwamba amemuua mama mara ya pili. Tangu siku hiyo hawajasalimiana, na hata jana tulipokuwa tunaandika historia hii, mkubwa alitaka mdogo wake asitajwe kabisa kati ya waliomuuguza baba.

Nimekataa, kwa sababu ninalo agizo. Marehemu alinishika mkono akaniambia niseme mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake, kwamba alilinda mlango mwanga usiingie akawafungia nje watoto wake pia, na kwamba aliyeuosha mkanda ule ndiye aliyemwosha yeye, akamlisha, akamgeuza kitandani bila kununa. Sitawadanganya, uchungu wa mkanda haukumtoka, alikufa nao.

Alifariki tarehe 11 Mei mwaka huu kwa kiharusi cha pili, akiacha watoto watatu na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuachia nyua zao, na mafundi picha wenzake waliosafiri usiku na mchana. Shukrani ya mwisho, kwa agizo lake, ni ya kitindamimba, na sasa namwomba kaka yake mkubwa, pale alipokaa mstari wa nyuma, aje akae kando ya mdogo wake kabla hatujafunga jeneza. Njoo, mwanangu, nafasi ipo.

Kaka yangu, pumzika, hili lililobaki ni letu.